Umefuata Nini Huko?

Kusini ya Bujumbura, kilomita kumi na kitu ukishika barabara ya Rumonge, pana mahali paitwapo Mugere. Kwenye mwinuko unaotazama Ziwa Tanganyika limekaa jiwe kubwa lililochongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, na tarehe ya 25 Novemba 1871. Nilipofika hapo, kijana mmoja wa palepale alinieleza, kwa Kiswahili na bila kuombwa, kwamba hapa ndipo wazungu wale wawili walipokutana mara ya kwanza.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, mimi natoka Ujiji."

Akanitazama, akacheka. "Basi kaka, wewe ndiye unieleze."

Tukakaa kivulini mwa jiwe karibu saa nzima tukibishana. Nilimweleza kwamba walikutana kwetu, wiki mbili au zaidi kabla ya tarehe ile. Stanley aliandika 10 Novemba. Livingstone, ambaye hesabu ya siku ilikwisha kumpotea, aliandika mwishoni mwa Oktoba. Kutoka Ujiji wakapanda mtumbwi kwenda kaskazini kutazama jambo moja tu: mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka? Mugere walilala siku mbili wakiwa njiani. Kijana hakukubali yote, lakini alikubali kwamba mtumbwi haukujipiga makasia wenyewe. Jiwe lina majina mawili. Waliovuta makasia, na Wajiji waliojua kila ghuba ya pwani ile, hawamo.

Niliporudi Buzebazeba, mtaani kwetu Ujiji, nikayasimulia haya barazani, pale tunapokunywa kahawa baada ya alasiri. Mzee mmoja ninayemheshimu kama baba yangu aliniacha nimalize, akaweka kikombe chini, akauliza: "Sasa mwanangu, ulifuata nini huko?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini swali lile silo lake peke yake. Ndilo swali ambalo mji mzima humuuliza mtu aliyevuka mpaka akarudi mikono mitupu. Sikuleta vitenge. Sikwenda kuzika, sikuwa mgonjwa, sikuitwa na ndugu. Nilitoa nauli yangu kwenda kutazama jiwe. Kwa watu wengi wa kwetu hiyo ni dalili ya fedha kuzidi akili, na fedha yenyewe jamani haijazidi.

Wanaosema hivyo si wajinga, na nitawaeleza kwa haki. Wanasema safari ni lazima iwe na mzigo: bidhaa, msiba, tiba, masomo au ibada. Wanasema kuzunguka kwenye ngome na makanisa yaliyobomoka ni mchezo wa wazungu, ambao wamekwisha kushiba na hawana wa kuwasomesha. Wakikubali uende, watakwambia usiende peke yako, utafute wakala, uingie kwenye kundi, kwa sababu ugenini ni ugenini. Na wapo waliosoma zaidi, ambao hoja yao ni ya kizalendo: vya kwetu kwanza. Hujafika Kilwa Kisiwani, unakwenda Mombasa kufanya nini?

Nianze na mzigo, kwa kuwa ndiyo hoja ya wengi na ndiyo dhaifu kuliko zote.

Simama Kibirizi, kwenye gati ya kwetu Kigoma, asubuhi boti zinapojaza. Utawaona mama zetu na dada zetu wanaovuka kwenda Burundi na Congo, wengine wamefanya hivyo miaka ishirini. Wanajua faranga imepanda au imeshuka kabla benki haijajua. Wanajua gesti ipi ina kitasa kinachofunga. Hakuna aliyewahi kumwambia mmoja wao kwamba ugenini ni ugenini, atafute wakala wa kumshika mkono. Mwanamke huyo anaposema kesho navuka, tunamtuma. Lakini mwanamke yuleyule akisema kesho navuka kwenda kuona kanisa la kale, tutauliza kama mumewe anajua. Njia ni ileile, boti ni ileile, hatari ni zilezile. Kilichobadilika ni kwamba safari hii hana gunia. Kwa hiyo tusidanganyane: tunachokiogopa si ugenini. Tunaona aibu mtu wa kwetu kutumia macho yake bila kuyauzia kitu.

Na kuhusu mchezo wa wazungu: hao wawili wa jiwe la Mugere walifuata nini? Walikwenda kutazama mto unaelekea wapi, basi. Hawakurudi na bidhaa. Ulimwengu umewachongea jiwe kwa ajili ya safari ambayo, angeifanya mtoto wa Buzebazeba, tungemwita mzururaji.

Tena si kweli kwamba kutembea ili kuona, na kusimulia ulichokiona, ni jambo lililoletwa. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha kitabu cha safari zilizosimuliwa na Waswahili wenyewe. Ndani yake yumo Selim bin Abakari, Mngazija, aliyefika Urusi na Siberia mwaka 1896. Ni kweli alikwenda kama mtumishi wa Mjerumani, na sitaki kulificha hilo. Lakini maelezo yake si ya mtu aliyebeba begi la bwana akafumba macho. Ameangalia miji, watu, baridi na ibada za wenyeji, akapima kila kitu kwa kipimo cha kwao. Na Ujiji yenyewe ni nini, kama si mji uliojengwa na watu waliotoka mahali pengine? Manyema wa kwetu wametoka ng'ambo ya ziwa. Tumekuwa mji wa wasafiri kwa zaidi ya karne moja, halafu tunamcheka msafiri.

Sasa wazalendo. Hawa wananikera zaidi, maana nusu ya hoja yao naikubali. Ni kweli mtu wa Kigoma aone Kilwa, aone Kaole, aone Ngome Kongwe ya Unguja. Ninachokataa ni hilo neno "kwanza", na zaidi hilo neno "vya kwetu". Kwetu kunaishia wapi?

Chukua Karema, upande wetu wa ziwa, mkoani Katavi. Mwaka 1879 Mbelgiji Cambier alianzisha kituo hapo kwa niaba ya jumuiya ya Mfalme Leopold. Miaka minne baadaye ofisa wa jumuiya hiyohiyo, Émile Storms, ambaye alikwisha kukaa Karema, alivuka maji akajenga ngome nyingine Mpala, karibu kutazamana na ile ya kwanza. Mwaka 1885 zote mbili zikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe, boma likawa misheni. Ni habari moja, kama kitabu kimoja chenye majalada mawili. Leo jalada moja liko Tanzania, la pili liko Congo. Anayeniambia niishie Karema kwa sababu ndiyo ya kwetu ananiambia nisome nusu ya kwanza ya kila ukurasa.

Na kitabu hicho kina mengine. Desemba 1884 watu wa Storms walimuua chifu Lusinga wa Watabwa, ng'ambo ile, wakamkata kichwa. Lusinga hakuwa malaika. Aliteka watu akawauza. Lakini Storms alilichukua fuvu lake akaenda nalo Ulaya, na mpaka karne hii limewekwa Brussels katika taasisi ya sayansi ya viumbe. Sanamu ya Storms iliyokuwa imesimama katika bustani ya jiji hilo iliondolewa mwaka 2022. Kwa hiyo ukitaka kuielewa Karema, kijiji cha Tanzania chenye kanisa na dagaa, inakubidi uvuke kwenda Mpala, na safari haiishi mpaka umefika Brussels. Mipaka iliyochorwa baadaye haikuyahamisha mambo yaliyotokea. Iliyakata tu.

Mpala sijafika, nakiri. Mashariki ya Congo mtu haendi kwa kujionyesha ushujaa, na asiyesikiliza habari za usalama kabla ya kupanda boti si msafiri. Lakini Niamkolo nimefika, enzi hizo Liemba bado inatembea. Ile meli iliyoletwa vipandevipande na Wajerumani, ikazamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa, ikarudi kazini mwaka 1927. Ukiipanda ulikuwa umekwisha kuanza kutazama mambo ya kale kabla hujaondoka gatini. Siku mbili na ushei, dagaa juu, dagaa chini, watoto wamelala juu ya magunia, na kila kijiji mitumbwi inaiparamia meli gizani kwa kelele utadhani vita. Mwisho wa safari ni Mpulungu, Zambia, na kando ya Mpulungu ndiko Niamkolo.

Ni kanisa la mawe lisilo na paa. Lilijengwa na Shirika la Misheni la London katika miaka ya 1890, na wenyewe Wazambia wanalihesabu kuwa kanisa la mawe kongwe kuliko yote nchini mwao. Mwaka 1908 misheni ilihamwa kwa sababu ya malale. Hivyo ndivyo utakavyoelezwa ukifika, na yote ni kweli. Lakini mtu wa Ujiji anaongeza kitu ambacho hakimo katika maelezo yale. Wamisionari hao hawakuanzia Niamkolo. Walianzia kwetu. Agosti 1878 Edward Hore na mwenziwe Thomson waliingia Ujiji, na kabla mwezi wa pili haujapita Thomson alikwisha kufa na kuzikwa. Aliyemfuatia mwaka uliofuata, Dodgshun, alikufa siku chache tu baada ya kuwasili. Ujiji haikuwapokea vizuri. Wenye mji walikuwa wafanyabiashara wa msafara, na hawakuwa na haja ya Waingereza wenye masikio marefu kuhusu utumwa. Misheni ikahama, ikahama tena, ikashuka na ziwa lote mpaka kusini kabisa. Niliposimama ndani ya kuta zile, na mbuzi wawili wakinishangaa, niliona mwisho wa barua ambayo mwanzo wake niliusoma nyumbani. Mzambia aliyenipeleka hakujua habari za Thomson. Mimi sikujua habari za malale. Tukabadilishana, kila mmoja akalipwa.

Hapo nageukia hoja ya kundi. Safari yangu ya kwanza Mombasa nilikwenda na kundi, wakala simtaji. Tulilipa, tukapewa kofia za rangi moja tusipotee, tukapelekwa Fort Jesus. Dakika arobaini. Kiongozi alitaja Wareno, akataja mizinga, tukapigwa picha mlangoni, tukarudishwa kwenye basi kwa sababu ratiba ilikuwa na duka la vinyago. Njiani tuliuliza kama tutaona msikiti wa kale wa Gedi. Haumo kwenye kifurushi.

Mara ya pili nikaenda mwenyewe, kwa basi hadi Tanga, nikavuka Horohoro, na kivuko cha Likoni kikanishusha mjini. Niliingia ngomeni asubuhi nikatoka wanafunga. Nilichokiona siku hiyo hakingeingia katika dakika arobaini hata kingeshindiliwa. Ngome ile Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, kwa ramani ya Mwitaliano Cairati. Ndani pana michoro ya mkaa na udongo mwekundu ambayo mabaharia wao waliichora ukutani, merikebu na makanisa, kama vijana wanavyochora kuta za shule. Pana misingi ya kanisa lao. Pana maandishi ya Kiarabu ya enzi za utawala wa Wamazrui. Waingereza wakaja wakaifanya jela mpaka mwaka 1958. Kila aliyepita ameswali au kusali mle ndani, na kila mmoja amemfunga mwenzake mle ndani.

Pana pia habari ya Yusuf bin Hasan, ambayo kundi letu halikuisikia. Mtoto wa mfalme wa Mombasa, Wareno walimpeleka Goa, wakambatiza wakamwita Dom Jerónimo, wakamrudisha akiwa mfalme wao. Inasimuliwa kwamba walimshuku walipomwona akimwombea baba yake kaburini kwa desturi ya Kiislamu. Mwaka 1631 akamuua kapiteni wa ngome, akaitwaa. Askari mzee wa zamu ndiye aliyenisimulia, polepole, kwa Kimvita chake ambacho nilikifuata kwa shida kidogo na furaha nyingi. Wazungu waliokuwa karibu walikuwa wanasoma vibao. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya mzinga nikisimuliwa.

Hili ndilo ninalotaka wanaosema "mambo ya wazungu" walitafakari. Kutoka Lamu mpaka Lubumbashi, kutoka Buyenzi kule Bujumbura mpaka mitaa ya Muscat, mlinzi wa lango, muuza chai na dereva wa bodaboda wanajua Kiswahili, au wapo karibu na anayekijua. Mtalii wa mbali analipa kiongozi ili apate kivuli cha kile ambacho sisi tunakipata kwa salamu. Sisi ndio wasafiri wenye silaha kamili katika eneo hili lote, halafu tunajipanga kwenye kundi, tunavishwa kofia, tunamlipa mtu atuzuie kuzungumza.

Hija naiweka kando. Ina taratibu zake na nchi yenyewe imezipanga. Huko kwenda kwa kundi ni sharti. Lakini tusilichukue sharti la Hija tukaligeuza kuwa sheria ya kila hatua.

Na kwa kuwa nimeitaja Hija, najua shehe wangu mmoja atasema: safari haifungwi ila kwa misikiti mitatu. Mimi si mwanachuoni. Ninavyoielewa hadithi ile inapodarisishwa, inamhusu mtu anayefunga safari akitafuta fadhila ya ibada mahali fulani. Aliyekwenda Gedi hakwenda kuswali. Msikiti ule hauna paa, na mji wenyewe ulihamwa karne ya 17. Karibu yake pana kaburi lenye tarehe inayolingana na 1399. Mtu anasimama hapo akajiuliza ni kitu gani kiliwafanya watu wenye visima, majumba ya mawe na vyombo vya China waondoke wote. Na Kurani, si mara moja, inawaambia watu watembee katika ardhi watazame ulikuwaje mwisho wa waliowatangulia. Shehe anisahihishe, lakini nadhani kwa kauli hiyo deni liko kwa waliobaki barazani. Wakristo wenzetu hawana shida hii. Kila mwaka kabla ya 3 Juni wapo wanaotembea kwa miguu siku nyingi, wakivuka mipaka, kufika Namugongo walipochomwa mashahidi wa Uganda mwaka 1886. Hakuna anayewauliza mzigo.

Inabaki fedha, na hapo sina maneno makali. Pasipoti ni shilingi 150,000 na mtu ana ada za shule. Ila Burundi, Kenya na Uganda hazituombi viza, na mchomoko, ile teksi ya kwenda mpakani Manyovu, hauna bei ya ndege. Safari yangu ya Mugere iligharimu pungufu ya mchango niliotozwa mwaka uleule kwa harusi ya mtu ambaye hadi leo simjui vizuri. Ninayoiwekea akiba sasa ni ya Oman, na hiyo ni ghali kweli. Huko Nizwa upo mnara mnene uliojengwa na Imamu Sultan bin Saif, aliyewatoa Wareno Muscat mwaka 1650. Mlangoni pana matundu ya kumwagia adui asali ya tende inayochemka. Mwanawe, Saif bin Sultan, ndiye ambaye majeshi yake yaliizingira Fort Jesus tangu Machi 1696 mpaka ikaanguka Desemba 1698. Baba ana ngome yake, mwana ana yake. Karne mbili baadaye, Muhammad bin Khalfan al-Barwani, yule tunayemwita Rumaliza, wa ukoo uliotoka Ibra ya Oman, alikuwa ameshika Ujiji. Nataka kuona mahali ambapo uzi huo umeanzia kusokotwa, na nataka kuuliza kwa Kiswahili, kwa wazee waliozaliwa Unguja na Tabora, wanavyotusimulia sisi tuliobaki. Wema wa habari hiyo na uchungu wake, vyote nataka nivisikie kwao wenyewe, si kwenye kibao.

Haya yote nilimwambia mzee pale barazani, kwa maneno machache kuliko haya, maana kahawa ilikuwa inapoa. Alisikiliza. Akauliza jiwe la Mugere lina ukubwa gani. Nikamwonyesha kwa mikono. Akauliza kama Warundi wanatoza kiingilio. Kisha akanyanyua kidole kuelekea kule kwenye miembe ya Livingstone, ile inayosemwa kuwa ni uzao wa mwembe wa mwanzo.

"Basi waachie jiwe lao," akasema. "Sisi tuna mwembe, na mwembe unazaa."

Baraza zima likapiga makofi, nami nikashindwa. Ila neno lile tamu hakuwahi kulisema miaka yote aliyokaa chini ya miembe ile, mpaka mtu mmoja alipokwenda Mugere.